Vipande Vilivyofanana na Uchafu: Historia ya Uchunguzi wa RNA ya Ribosomu ya Kloroplasti na Funzo Lake kwa Sera ya Utafiti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchunguzi wa RNA ya ribosomu katika kloroplasti za mimea tangu mwaka 1962: jinsi RNA hiyo inavyonukuliwa kutoka katika DNA, na jinsi inavyochakatwa hadi kufaa kwa kazi yake. Hoja kuu ni kwamba hatua muhimu za historia hii zilianzia kwenye matokeo ambayo yangeweza kutupwa, kwa sababu yalifanana na uchafu wa maabara, kasoro ya kipimo au ulemavu wa mmea. Matokeo manne yanajadiliwa: RNA kubwa iliyokatikakatika, RNA ndogo isiyokuwa na mwenzake katika bakteria, jani jeupe lililoendelea kunukuu jeni zake, na duara la DNA lililoonekana katika kimelea cha malaria. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera wa Afrika Mashariki kuhusu uhifadhi wa mbegu zenye kasoro, muda wa ufadhili, na istilahi za Kiswahili.

1. Utangulizi

Wakulima wengi wa mahindi wamewahi kuona mche mweupe shambani. Huota pamoja na wenzake, husimama kwa siku chache, kisha hufa pindi akiba ya chakula iliyomo katika mbegu inapokwisha. Kwa mkulima hiyo ni hasara ndogo isiyohitaji maelezo. Kwa mwanahistoria wa sayansi, mche huo ni hati. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo kuhusu uundaji wa RNA ya ribosomu katika kloroplasti ilisomwa katika mimea ya namna hiyo, na ilisomwa na watu waliokubali kuutunza mmea ambao wengine wangeung'oa.

Kloroplasti ni sehemu za seli zinazolipa jani rangi ya kijani na kuendesha usanisinuru. Ndani yake mna DNA, na mna ribosomu, yaani viwanda vidogo vinavyounda protini. Kila ribosomu imejengwa kwa protini nyingi pamoja na nyuzi za RNA. RNA hiyo haibebi maelezo ya kuunda protini yoyote. Yenyewe ndiyo mhimili wa kiwanda, na ndiyo inayotenda kazi ya kuunganisha asidi za amino. Mmea usipoweza kuiunda ndani ya kloroplasti, jani hubaki jeupe.

Istilahi mbili zitatumika katika makala yote. Unukuzi ni tendo la kunakili mfuatano wa DNA kuwa uzi wa RNA, tendo linalofanywa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Uchakataji ni kazi zote zinazofuata: kukata uzi mrefu, kupunguza ncha, kuondoa vipande vya kati visivyohitajika na kuunganisha vilivyobaki. RNA zenyewe hutajwa kwa namba na herufi S, ambayo ni kipimo cha kasi ya kuzama kwa molekuli inapozungushwa katika mashine yenye nguvu kubwa. Kwa jumla, namba ikiwa kubwa, molekuli nayo ni kubwa. Ribosomu ya kloroplasti ya mimea ya nchi kavu ina RNA nne: 23S, 16S, 5S na 4.5S.

2. Ribosomu mbili katika jani moja, 1962–1968

Dalili kwamba kloroplasti ina urithi wake yenyewe ilitangulia maarifa ya DNA. Mwaka 1909 Carl Correns na Erwin Baur, kila mmoja kwa mimea yake, walieleza kwamba rangi nyeupe na kijani za majani yenye mabaka hazikufuata kanuni za urithi za Mendel. Katika ua la Mirabilis jalapa, Correns aliona kwamba rangi ya watoto ilitegemea mama peke yake. Ilibaki miaka zaidi ya hamsini kabla ya kupatikana kwa kitu chenyewe kinachorithishwa.

Mwaka 1962 ulileta habari mbili. Hans Ris na Walter Plaut, kwa kutumia hadubini ya elektroni, walionyesha nyuzi za DNA ndani ya kloroplasti ya mwani wa Chlamydomonas. Mwaka huohuo J. W. Lyttleton alitenga ribosomu kutoka katika kloroplasti za spinachi, na ribosomu hizo zilikuwa ndogo kuliko zile za sehemu nyingine ya seli. Uchunguzi uliofuata katika tumbaku uliimarisha picha hiyo: jani lina ribosomu za 80S nje ya kloroplasti, na za 70S ndani yake. Kipimo cha 70S kilikuwa kinajulikana tayari, kwa kuwa ndicho cha ribosomu za bakteria.

Hata hivyo, palikuwa na shaka ya haki. Anayeponda jani huchanganya yaliyomo katika kiini, katika kloroplasti na katika bakteria walioko juu ya jani. Kila aliyedai kuona DNA au RNA ya kloroplasti alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba haikutoka kwingine. Njia ya kutokea ilipatikana katika ufundi. Mwaka 1967 Ulrich Loening, huko Edinburgh, alieleza namna ya kutenganisha RNA kwa kuipitisha katika jeli ya poliakrilamidi kwa nguvu ya umeme. Mwaka huohuo yeye na John Ingle waliilinganisha RNA ya mizizi na ya majani. Ile ya mizizi ilitoa mistari miwili mikuu. Ile ya majani ya kijani ilitoa minne: miwili ileile, na mingine miwili midogo kidogo, yenye uzito wa molekuli wa takriban milioni 1.1 na milioni 0.56. Hizo ndizo RNA za 23S na 16S za kloroplasti.

Mwaka 1968 K. K. Tewari na Samuel Wildman waliuliza swali la asili: RNA hizo zinanukuliwa kutoka DNA ipi? Walichanganya RNA ya ribosomu za tumbaku na DNA ya kloroplasti, na RNA ya ribosomu za 70S ikashikamana na DNA hiyo. Kwa hiyo kloroplasti ilikuwa na jeni za kujijengea mhimili wa ribosomu zake.

3. Uzi mrefu na vipande vyake, 1971–1981

Mistari ya jeli ilikuwa na tatizo moja. Ule wa 23S haukutulia. Mara ulionekana mzima, mara ulififia na mahali pake pakatokea mistari midogo chini yake. Katika maabara yoyote ya RNA, maelezo ya kwanza ya jambo la namna hii ni uzembe: vimeng'enya vinavyokata RNA vimejaa kila mahali, hata katika jasho la vidole. Christopher Leaver na John Ingle walilichukua swali hilo kwa uzito mwaka 1971. Waliona kwamba uzima wa RNA hiyo ulitegemea jinsi ilivyotolewa katika jani. Ikitunzwa kwenye baridi pamoja na magnesi, ilibaki kama molekuli moja. Magnesi ikiondolewa au joto likiongezwa, iliachana katika vipande vya ukubwa uleule kila mara.

Uzembe hauna utaratibu. Vipande vyenye ukubwa usiobadilika vilimaanisha kwamba mikato ilikuwa mahali maalumu, na kwamba ilikuwamo ndani ya ribosomu kabla mtafiti hajaligusa jani. Molekuli ilionekana nzima kwa sababu vipande vyake vilishikana kwa mikunjo yake yenyewe, kama mkeka uliokatika nyuzi lakini ukabaki umefumana. Leo mikato hiyo huhesabiwa kuwa hatua ya mwisho ya uchakataji wa 23S. Katika Arabidopsis thaliana ni miwili, na huacha vipande vitatu vyenye urefu wa takriban nukleotidi 500, 1,100 na 1,300.

Wakati mwisho wa safari ya RNA ukichunguzwa hivyo, mwanzo wake nao ulianza kuonekana. Mwaka 1973 Martin Hartley na John Ellis, katika Chuo Kikuu cha Warwick, walitenga kloroplasti nzima za spinachi, wakazipa mwanga na kiungo cha RNA chenye alama ya mnururisho, kisha wakatazama kilichoundwa. Ndani ya kloroplasti hizo palitokea RNA kubwa kupita zote zilizojulikana, yenye uzito wa takriban milioni 2.7. Hesabu rahisi ilitosha kuzua swali. Ukijumlisha 23S na 16S unapata takriban milioni 1.7. Ikiwa uzi huo mrefu ni mzazi wa zote mbili, basi milioni moja iliyobaki ni ya nini?

Jibu lilihitaji ramani. Mwaka 1976 John Bedbrook na Lawrence Bogorad, huko Harvard, walichapisha ramani ya DNA ya kloroplasti ya mahindi kwa kutumia vimeng'enya vinavyokata DNA mahali maalumu. Mwaka 1977, wakiwa na Richard Kolodner, walionyesha kwamba jeni za RNA ya ribosomu ya mahindi zimo katika eneo la jozi 22,000 za besi ambalo limejirudia mara mbili katika duara la DNA, nakala moja ikielekea upande wa pili wa nyingine. Jeni hizo zimepangwa kwa safu moja: 16S hutangulia, hufuata 23S, kisha 4.5S na 5S.

Katika nafasi iliyo kati ya 16S na 23S palikuwa na jambo lisilotarajiwa. Mwaka 1981 W. Koch, K. Edwards na Hans Kössel walichapisha mfuatano wake katika mahindi. Ndani yake mlikuwa na jeni mbili za RNA zinazobeba asidi za amino, moja ya isolusini na nyingine ya alanini. Bakteria wa E. coli nao wanazo jeni za namna hiyo mahali hapo. Lakini katika mahindi kila mojawapo ilikuwa imepasuliwa katikati na introni, yaani kipande kinachonukuliwa kisha kikaondolewa: moja ya jozi 949, nyingine ya jozi 806. Hapo sehemu kubwa ya ile milioni moja ilipata maelezo. Uzi mrefu wa Hartley na Ellis ulibeba, pamoja na RNA za ribosomu, introni na nafasi ambazo mmea huzinukuu zote kisha huzikata na kuzitupa.

4. Mkia wa bakteria, 1975–1981

Kufanana kwa 70S na 70S kulikuwa kumezua dhana ya undugu. Wazo kwamba kloroplasti ni mzao wa viumbe vidogo vilivyoingia katika seli nyingine na kuishi humo lilikuwa limetolewa na Konstantin Mereschkowski mwaka 1905, na Lynn Margulis alilihuisha mwaka 1967. Lilikosa ushahidi ambao ungeweza kupimwa kwa namba.

RNA ya ribosomu ndiyo iliyoleta kipimo hicho. Mwaka 1975 makundi mawili yalichapisha majibu yanayolingana. L. B. Zablen na wenzake, akiwamo Carl Woese, walichunguza 16S ya kloroplasti ya Euglena gracilis. Linda Bonen na Ford Doolittle, huko Halifax nchini Kanada, walichunguza ile ya mwani mwekundu. Walizikata RNA hizo katika vipande vifupi, wakavilinganisha na vya bakteria. RNA za kloroplasti ziliangukia upande wa bakteria, mbali na RNA za seli zilizozihifadhi. Mwaka 1980 Zsuzsanna Schwarz na Hans Kössel walitoa mfuatano kamili wa jeni ya 16S ya kloroplasti ya mahindi. Ulilingana na ule wa E. coli kwa takriban robo tatu ya nukleotidi zake.

Undugu huo ulitatua fumbo lingine. Mnamo 1978 na 1979 wachunguzi wa kloroplasti, wakiwamo P. R. Whitfeld na wenzake, na baadaye C. M. Bowman na T. A. Dyer, walieleza RNA ndogo ya 4.5S iliyokuwamo katika ribosomu za kloroplasti za mimea ya maua. Bakteria hawana RNA hiyo. RNA ndogo yenye nukleotidi mia moja hivi ni rahisi kuhesabiwa kuwa kipande kilichovunjika kutoka kwingine. Safari hii dhana hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ukweli mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1981 Edwards, Bedbrook, Dyer na Kössel walionyesha kwamba 4.5S ya mahindi inalingana na mkia wa 23S ya bakteria. Katika nasaba ya mimea ya nchi kavu, mkia ule ulitengwa na mwili kwa nafasi fupi inayokatwa wakati wa uchakataji. Kile kilichoonekana kuwa RNA mpya kilikuwa sehemu ya kale iliyojitenga, na mkato ulioitenga ni wa mmea.

5. Jani jeupe lililonukuu, 1943–1997

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, ilijulikana kilichonukuliwa. Swali lililobaki lilikuwa la mnukuzi. Mwaka 1986 mifuatano kamili ya kwanza ya DNA ya kloroplasti ilichapishwa nchini Japani: ya tumbaku na kundi la Masahiro Sugiura huko Nagoya, na ya Marchantia polymorpha na kundi la Kanji Ohyama huko Kyoto. Ndani yake mlikuwa na jeni zinazofanana na zile za polimerasi ya RNA ya bakteria. Ilionekana kwamba kloroplasti hujitengenezea mnukuzi wake.

Jibu hilo lilikuwa na mzunguko ndani yake. Polimerasi hiyo ni protini, na protini za kloroplasti zinazotokana na jeni zake huundwa na ribosomu zake. Ribosomu hizo haziwezi kuwapo bila RNA ya ribosomu. RNA hiyo nayo hunukuliwa na polimerasi. Seli changa inayoanza kuunda kloroplasti ingeanzia wapi?

Ushahidi wa kuuvunja mzunguko huo ulikuwa umeanza kukusanywa na watu waliotunza mimea yenye kasoro. Mwaka 1943 Marcus Rhoades alieleza jeni ya mahindi iitwayo iojap, iliyomo katika kiini cha seli, ambayo huzusha michirizi meupe inayoendelea kurithiwa kupitia mama hata jeni yenyewe ikishaondoka. Mwaka 1979 Virginia Walbot na Edward Coe walionyesha kwamba sehemu hizo nyeupe hazina ribosomu za kloroplasti. Huko Gatersleben, Ujerumani, shayiri yenye majani ya mistari myeupe, iitwayo albostrians, ilikuwa imepatikana kwa miale ya eksirei na kuelezwa na Rudolf Hagemann na F. Scholz mwaka 1962. Nayo, katika sehemu zake nyeupe, haikuwa na ribosomu za kloroplasti. Mwaka 1980 B. Bünger na J. Feierabend waliripoti kwamba majani ya nafaka ya rai yaliyopoteza ribosomu za kloroplasti kwa kukuzwa kwenye joto kali yalikuwa bado na uwezo wa kuunda RNA ndani ya kloroplasti zake.

Mwenye haraka angesema kwamba RNA hiyo ilitoka katika kiini na kuichafua sampuli. Ilichukua miaka mingine 13. Mwaka 1993 Wolfgang Hess, Thomas Börner na wenzao walitumia ile shayiri ya albostrians. Katika majani meupe yasiyo na ribosomu, na kwa hiyo yasiyoweza kuunda polimerasi ya kibakteria, jeni kadhaa za kloroplasti zilikuwa zinanukuliwa kwa nguvu. Miongoni mwake zilikuwamo zilezile zinazotakiwa kuunda polimerasi hiyo. Hivyo palikuwa na mnukuzi wa pili, aliyetoka nje ya kloroplasti. Ushahidi mwingine ulitoka katika Epifagus virginiana, mmea mnyonyaji usio na klorofili, wa ukoo mmoja na kiduha kinachoharibu mtama na mahindi yetu. Mfuatano wake uliochapishwa mwaka 1992 ulikuwa umepoteza jeni za polimerasi ya kibakteria, lakini umebakiza za RNA ya ribosomu, na zilikuwa zinanukuliwa.

Jaribio la kukata shauri lilifanywa mwaka 1996. Lori Allison, L. D. Simon na Pal Maliga waliondoa moja ya jeni za polimerasi katika kloroplasti ya tumbaku. Mimea iliyopatikana ilikuwa myeupe na iliishi kwa kulishwa sukari, lakini unukuzi haukukoma. Inafaa kukumbuka kwamba uwezo wa kuibadili DNA ya kloroplasti ya tumbaku ulitokana na RNA ya ribosomu yenyewe. Mwaka 1990 Zora Svab, Peter Hajdukiewicz na Maliga walikuwa wameingiza katika kloroplasti jeni ya 16S iliyobadilika kiasi cha kuhimili dawa ya spectinomycin, wakaitumia kuchagua seli zilizopokea badiliko. Mwaka 1997 Boris Hedtke, Börner na Andreas Weihe walizitambua katika Arabidopsis jeni za kiini zinazounda polimerasi ya namna ya pili, inayofanana na ile ya virusi vya bakteria.

Mzunguko ulivunjika. Katika jani changa, polimerasi itokayo kwenye kiini huanza kazi, hunukuu jeni za polimerasi ya kibakteria pamoja na RNA ya ribosomu ya mwanzo, na ribosomu za kwanza huunda mnukuzi wa pili. Jani linapokua, mnukuzi huyo wa kibakteria ndiye hubeba mzigo mkubwa wa kunukuu RNA ya ribosomu.

6. Wakataji wanaotoka kwenye kiini

Uchakataji nao ulifuata njia hiyohiyo ya mimea yenye kasoro. Mwaka 1993 Alice Barkan alichunguza mimea ya mahindi iliyodhoofika katika kuunda protini za kloroplasti. Mmoja, wenye kasoro katika jeni iitwayo hcf7, ulirundika 16S ambayo haijakamilika. Jeni hiyo imo katika kiini. Tangu hapo orodha ya protini za kiini zinazohitajika kukata na kupunguza RNA za kloroplasti imerefuka. Mwaka 2010 kundi la Nishimura lilieleza protini inayohitajika kwa mkato wa ndani wa 23S katika Arabidopsis, yaani mikato ileile iliyomtatiza Leaver. Mwaka 2016 ilielezwa protini nyingine, SOT1, ambayo ikikosekana 23S na 4.5S hazitenganishwi ipasavyo.

Picha inayojitokeza ni ya ubia. Kloroplasti ilibakiza jeni za RNA ya ribosomu, na kiini kilichukua usimamizi wa ukataji wake. Ndiyo sababu jeni moja iliyoharibika katika kiini huweza kuufanya mche mzima wa mahindi kuwa mweupe, hata kama DNA ya kloroplasti haina doa. Hata chanzo cha weupe wa albostrians kilipojulikana mwaka 2019, kilikuwa ni jeni ya kiini. Mbegu za shayiri hiyo zilikuwa zimetunzwa kwa miaka 57 tangu maelezo yake ya kwanza.

7. Duara lililokutwa katika kimelea

Sehemu ya mwisho ya historia hii inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1975 Araxie Kilejian alieleza duara dogo la DNA katika kimelea cha malaria ya ndege. Kwa kuwa mitokondria zina DNA, ilikuwa busara kulihesabu kuwa la mitokondria. Baadaye ikajulikana kwamba vimelea hivi vina DNA nyingine inayofaa zaidi kuitwa ya mitokondria. Duara lile likabaki bila mwenyewe.

Kundi la Iain Wilson, huko Mill Hill jijini London, lilipolisoma polepole, lilikutana na alama ambazo wachunguzi wa mimea walikuwa wamezizoea. Mwaka 1991 zilionekana jeni za polimerasi ya RNA ya namna ya bakteria na kloroplasti. Jeni za RNA ya ribosomu zilikuwa zimejirudia mara mbili, nakala moja ikielekea upande wa pili, kama katika mahindi ya Bedbrook na Bogorad. Ramani kamili ya duara hilo, lenye takriban jozi 35,000, ilichapishwa mwaka 1996. Kimelea kinachoua watu katika nchi zetu kilikuwa na masalia ya kloroplasti, ambayo leo huitwa apikoplasti. Hayafanyi usanisinuru, lakini kimelea hakiwezi kuishi bila ya kazi zake nyingine.

Hapo dawa zilizokuwa zinatumika zilipata maelezo. Clindamycin hushika RNA ya 23S ya ribosomu za kibakteria, na doxycycline hushika ile ya 16S. Zote mbili huua kimelea kwa kuchelewa, kwa sababu kizazi kinachopata dawa humaliza mzunguko wake na kinachofuata ndicho hufa kwa kurithi apikoplasti isiyofanya kazi. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwinini pamoja na clindamycin kwa wajawazito wenye malaria katika miezi mitatu ya kwanza. Mtaalamu aliyeandika mwongozo huo na mtaalamu aliyesoma kloroplasti za mahindi mwaka 1977 hawakuwa katika idara moja, na hakuna mpango wa utafiti wa mwaka 1977 ambao ungeweza kuahidi uhusiano huo.

8. Hitimisho na mapendekezo

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha upande wa pili wa methali hiyo: asiyeudharau mwiba hupata njia. Mstari uliofifia, RNA ndogo isiyo na mwenzake, jani jeupe na duara lisilo na mwenyewe vilikuwa na sifa moja. Kila kimoja kilikuwa na maelezo mepesi yaliyokuwa tayari, na kila kimoja kililipa pale tu mtu alipoyakataa maelezo hayo na kupima tena. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, hazina za mbegu za kanda, kama ile ya Muguga nchini Kenya, ya Entebbe nchini Uganda na ya Arusha nchini Tanzania, zipewe wajibu na fedha za kuhifadhi mimea yenye kasoro pamoja na aina bora. Mche mweupe hauwezi kujizalisha. Huhifadhiwa kwa kutunza ndugu zake wa kijani wanaobeba jeni hiyo kwa siri. Kazi hiyo inahitaji kupanda, kuchagua na kuandika kumbukumbu kila kizazi. Mtama, wimbi na mahindi ya wakulima wetu yana mabadiliko yake, na hayatasomwa kama yameng'olewa yote.

Pili, vipimo vya ufadhili vitambue muda halisi wa maarifa. Kati ya duara la mwaka 1975 na ramani ya mwaka 1996 ilipita miaka 21. Ruzuku ya miaka mitatu inayodai manufaa yaliyotajwa mapema ingezikata kazi hizo katikati. Sehemu ya bajeti, hata iwe ndogo, itengwe kwa ajili ya kufuatilia matokeo yasiyolingana na matarajio, na ripoti za miradi ziwe na mahali pa kuyaandika.

Tatu, wanafunzi wafundishwe historia hii kwa lugha wanayofikiria kwayo. Unukuzi, uchakataji, mfuatano na kimeng'enya ni maneno yanayobeba dhana hizi bila kulemewa. Fundi wa maabara aliye Kigoma, Bujumbura au Goma ndiye wa kwanza kuuona mstari usiotarajiwa kwenye jeli. Akiwa na neno la kuueleza na daftari la kuuandikia, mstari huo hautaishia kwenye ndoo ya taka.